Korosho ya chuma angani: kubwa mno kwa ngao, ndogo mno kwa rada

#1 FundiDishi (Mikindani)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi alfajiri wavuvi wangu wamenivamia kibandani hata samaki hawajashusha wote. Wanasema walikuwa nje ya Msangamkuu, bahari shwari, wakaona moto unapita angani. Haukuwa ule mstari wa kufumba na kufumbua. Huu ulikwenda polepole, umelala, ukaanza kumeguka vipande saba au vinane vikifuatana kama bata na wanawe, na mpaka unafifia upande wa bahari kuu mmoja wao alikuwa ameshavuta kamba yote ya nanga. Mzee kasema kimondo. Kijana kasema kombora. Wa tatu kaapa kuwa ni zile satelaiti za intaneti zinazopita kwa mstari kama treni. Wakaja kwangu wakidhani kwa kuwa natengeneza GPS zao na madishi ya mtaa mzima, basi nina undugu na vitu vya juu.

Nikawajibu hivi. Kimondo kina haraka, sekunde moja mbili tatu kimekwisha. Treni ya satelaiti ni nukta nyeupe zilizopangana, haziwaki rangi ya moto wala hazimeguki. Kitu kinachopita pole, sambamba na upeo wa macho, huku kinadondosha makaa, mara nyingi ni chuma cha binadamu kinarudi nyumbani: satelaiti iliyokufa au kipande cha roketi kimeshuka hadi kwenye hewa nzito na kinaungua.

Nikaongeza kuwa hicho mlichokiona ndicho kisicho na neno, maana kimeshaungua. Cha kuogopa hakiwaki, hamtakiona, na wenye rada zao pia hawakioni. Hapo nikatoa korosho moja iliyobanguliwa kwenye kile kimfuko cha mia tano nikaiweka mezani. Chuma cha ukubwa huu. Wakacheka sana. Ndiyo maana nimeleta uzi, maana nilipofika kuwaeleza vizuri walikuwa wameshakwenda kugombania bei Feri.

Mambo yako hivi. Kwa makadirio ya Shirika la Anga la Ulaya (ESA), vitu vikubwa kuliko sentimita 10 vinavyoizunguka dunia ni kama 54,000. Hivyo sehemu kubwa vina namba zao, vinafuatiliwa, na njia zake zinajulikana. Vya kati ya sentimita 1 na 10 ni kama milioni 1.2. Vya kati ya milimita 1 na sentimita 1 ni kama milioni 140. Haya makundi mawili ya mwisho hayana namba. Hakuna mtu anayeweza kukwambia kipande fulani cha sentimita 3 saa hii kiko juu ya Lindi au juu ya Brazili.

Sasa mwendo. Huko chini ya kilomita 1,000 kitu kinakwenda kilomita 7 na nusu kwa sekunde. Mtwara hadi Lindi mjini ni sekunde 14. Mtwara hadi Dar kwa urefu wa barabara ni dakika moja na robo, na sisi tunaamka saa kumi usiku kuwahi basi. Viwili vikigongana, kwa wastani vinakutana kwa kilomita 10 hivi kwa sekunde.

Nimepiga hesabu kwa kalamu, mwenye mashaka arudie. Gololi ya alumini ya sentimita 1 ina gramu 1.4. Kwa mwendo huo inabeba jouli 70,000. Bajaji yenye dereva na abiria watatu, tuseme kilo 600, inabeba nguvu hiyo ikiwa spidi 55. Yaani bajaji nzima na watu wake imebanwa ikawa gololi. Sasa ipandishe gololi hadi sentimita mbili na nusu, ukubwa wa ile korosho yangu ya mezani. Uzito unapanda mara 15 na ushee. Bajaji 15 zinakugonga kwenye shimo moja.

Naendelea baadaye, mteja kaja na king'amuzi.

#2 Mtazamaji tu

Naweka kambi hapa. Wenye uraka wasogeze.

#3 BodaMasasi

Mkuu mimi nina swali la kijiweni. Kama vyote vinakwenda 7.5, hiyo 10 imetoka wapi? Pikipiki mbili zikienda spidi 60 zote, zinagonganaje kwa 80?

#4 FundiDishi

BodaMasasi, swali zuri. Zikifuatana barabara moja hazigongani kwa lolote, au zinagusana tu. Lakini huko juu hakuna barabara moja. Kuna inayopita juu ya ikweta, kuna inayopita juu ya ncha za dunia, kuna iliyoinama hivi na iliyoinama vile. Zinakutana kama pikipiki kwenye njia panda ya Mkuti, pale Masasi, ambapo kila mmoja anaamini yeye ndiye mwenye haki ya kupita. Zikikutana kwa pembe mraba, 7.5 na 7.5 zinakupa 10 na ushee. Uso kwa uso zinakaribia 15.

Na imeshatokea. Tarehe 10 Februari 2009, satelaiti ya simu ya Wamarekani, Iridium 33, ikiwa mzima na inafanya kazi, iligongana juu ya Siberia na Kosmos 2251, mfu wa Kirusi. Kimo kilomita 790 hivi, mwendo wa kukutana kilomita 11.7 kwa sekunde. Vikapatikana vipande kama 2,000 vinavyofuatilika. Vile visivyofuatilika hakuna wa kuvihesabu kimoja kimoja.

#5 Kangomba Hapana (Tandahimba)

Mleta mada, kwa heshima. Huku tunahangaika na salfa ya mikorosho kuchelewa, mnada bei inashuka, mtu anakopa kwa jirani yake kwa kangomba, yaani anauza korosho kwa bei ya kutupa kabla ya mavuno, apate ada ya mtoto. Wewe unatuletea vumbi la wazungu angani. Hii inatuhusu nini?

#6 Nahodha Mstaafu (Shangani)

Kangomba Hapana, mwanangu, ulikuwa wapi Aprili 2019? Kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, watu wa huku pwani tuliambiwa tuhame. Nilikuwa na mashua mbili nje. Nilizirudisha kwa sababu redioni walisema kinapita wapi na lini. Tarehe 25 kikapiga Msumbiji, Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma tu hapo. Hao wa redio waliona kwa macho?

Ila fundi, nami unijibu langu. Hii GPS yangu, ambayo wewe umeshaifungua mara tatu, nayo iko hatarini kukatika kwa hivyo vikorosho vyako?

#7 FundiDishi

Mzee wangu Nahodha, shikamoo. Iko hatarini ndiyo, satelaiti zote zinapita humohumo kwenye takataka.

#8 Mwalimu wa Newala

Fundi hapo umeteleza, ngoja nikusahihishe kabla mzee hajauza GPS yake.

Satelaiti za GPS ziko juu sana, kilomita 20,200. Huko vifusi ni vichache mno kulinganisha na huku chini. Za madishi yenu ya televisheni ziko mbali zaidi, karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na huko kinachokutana na kingine kinakutana nacho kwa mwendo mdogo kwa kuwa vingi vinakwenda upande mmoja. Hatari haikosekani, ila soko lenyewe la takataka liko chini ya kilomita 2,000, na msongamano mbaya uko pale kati ya 750 na 900.

Sasa Nahodha, Kenneth. Picha ile ya wingu linalozunguka inayoonyeshwa kwenye taarifa ya habari hutoka kwenye satelaiti za juu kule, kilomita 36,000. Lakini vipimo vingi vya joto na unyevunyevu wa hewa vinavyoingia kwenye kompyuta za utabiri hutoka kwenye satelaiti zinazopita juu ya ncha za dunia. Metop za Ulaya, kwa mfano, ziko kilomita 817. Angalia hiyo namba, halafu angalia kimo cha mgongano wa 2009: 790. Halafu angalia kingine: tarehe 11 Januari 2007 China ilitungua satelaiti yake ya zamani ya hali ya hewa, Fengyun-1C, kwenye kilomita 860 hivi, vikazaliwa vipande zaidi ya 3,000 vya kuonekana. Satelaiti inayompa mkulima wa Tandahimba utabiri wa mvua imewekwa katikati ya vifusi viwili.

Ndiyo jibu langu kwa Kangomba Hapana. Na salfa ni kweli imechelewa, nakuunga mkono.

#9 FundiDishi

Mwalimu ahsante, nimepokea. Nahodha, GPS yako salama. Tatizo lake ni betri, na chumvi.

#10 Nahodha Mstaafu

Nilijua. Ila hilo la Wachina kupasua chao wenyewe linanikumbusha baruti. Zamani hapa kati ya Mikindani na Msimbati ulikuwa unasikia mlipuko asubuhi kabla ya adhana. Mtu anapata ndoo tatu za samaki, tumbawe linabaki kifusi. Mwaka wa kumi unapita pale unakuta kifusi kilekile, kinasukwasukwa na maji, kinaua tumbawe changa linalotaka kuota. Aliyepiga baruti ameshahamia Dar.

#11 Dada Ligula

Mzee Nahodha umeniwahi. Jamani na mimi nina langu, na naomba nisijibiwe kwa mkato.

Mnasema rada za wakubwa hazioni kitu cha sentimita 3. Hapa Mtwara TMA wana rada ya hali ya hewa. Mdogo wangu alipelekwa na shule kuiona, wakaambiwa inaona mvua umbali wa mamia ya kilomita. Tone la mvua lina milimita 2 au 3. Sasa iweje rada ya Mtwara ione tone, na rada ya Marekani ishindwe kuona korosho ya chuma? Au mnatuuzia mbuzi kwenye gunia?

#12 Mtazamaji tu

Hapo sasa. Fundi, kazi kwako.

#13 FundiDishi

Dada Ligula, umelenga pale penyewe. Nimeacha dishi la watu juu ya paa nije nijibu.

Rada ya mvua haioni tone. Inaona mvua. Inapopiga wimbi lake kwenye kipande cha wingu, ndani ya kile kipande kuna matone mamilioni kwa mamilioni, na kila moja linarudisha mwangwi mdogo mno. Mwangwi wa yote ukijumlishwa ndio unaopaka ile rangi ya kijani na nyekundu kwenye skrini. Tone moja peke yake halitasikika. Ni kama kijiji kizima kikisema "amina" msikitini: uko barabarani unasikia, ila huwezi kusema sauti ya Mzee Hamisi ilikuwa ipi.

Chuma cha angani kiko peke yake. Hakina wenzake wa kusema nao amina.

Halafu kuna jambo la urefu wa wimbi, ambalo ndilo linaloumiza. Wimbi la rada likiwa refu na kitu kikiwa kifupi sana kulinganisha nalo, wimbi linakipita kama vile bahari ya bamvua inavyopita juu ya kijiti. Mwangwi haupungui kidogokidogo, unaporomoka. Ukikipunguza kipande nusu ya upana wake, mwangwi unapungua mara 64. Punguza nusu tena, mara 64 nyingine. Na umbali nao una adhabu yake: ukienda maradufu, mwangwi wa kitu kimoja unapungua mara 16. Rada za zamani za kuchunga anga zilitumia mawimbi ya sentimita 70 hivi. Kwa rada hizo, korosho ya chuma kwenye kilomita 800 ni kama haipo.

Ndiyo maana kwa miaka mingi mpaka umekuwa sentimita 10. Machi 2020 Wamarekani wakaanza kutumia rada mpya, wanaiita Space Fence, imewekwa kisiwa cha Kwajalein huko Visiwa vya Marshall, katikati ya Pasifiki. Yenyewe inatumia wimbi fupi, sentimita 10 hivi, na inaona vitu vidogo kuliko vilivyozoeleka. Lakini vile vipande milioni 1.2, karibu vyote bado havijaandikwa kwenye daftari.

#14 Dada Ligula

Nimeelewa. Basi wafupishe wimbi zaidi, tatizo liko wapi?

#15 Mwalimu wa Newala

Wameshafupisha, dada. Kule Massachusetts kuna rada inaitwa Haystack, wimbi lake ni sentimita 3, nayo inaona kipande cha milimita 5 hivi kikipita mamia ya kilomita juu. Kuna nyingine Goldstone, California, inashuka hadi milimita 2 au 3.

Ila jicho lake ni jembamba kama sindano. Haliwezi kuzungushwa mbingu nzima. Wanachofanya ni kulielekeza mahali pamoja, kulituliza, na kuhesabu kinachokatiza. Mfano wake ni mtu aliyeajiriwa kukaa pale mzunguko wa Mnazi Mmoja ahesabu pikipiki kwa saa mbili. Jioni atakwambia pikipiki 900 zimepita. Ukimuuliza ile iliyompigia honi bibi yako saa nne iko wapi sasa hivi, atakushangaa. Hizo milioni 1.2 na milioni 140 za fundi zimepatikana kwa njia za namna hiyo, pamoja na vyuma vilivyorudishwa kutoka juu na kukaguliwa mashimo. Kuna mtambo mmoja ukubwa wa basi, LDEF, uliachwa angani Aprili 1984 na kuletwa chini Januari 1990. Ulirudi umetobolewa kila upande, wakakaa na lenzi kuhesabu vishimo.

Kwa hiyo kuna kujua idadi, na kuna kujua kila kimoja kiko wapi. Ili umjue mmoja inabidi umwone leo, umwone tena kesho, umtambue kuwa ni yuleyule, upige njia yake. Na kipande chepesi kinasumbua zaidi, maana hata ile hewa hafifu ya juu inakisukuma, na hewa yenyewe inavimba jua likichafuka. Februari 2022 dhoruba ya jua ilivimbisha hewa ya juu, satelaiti za intaneti za Starlink karibu 40 kati ya 49 zilizokuwa zimerushwa siku hizo zikashindwa kupanda, zikarudi kuungua. Hizo zina injini. Je kipande cha bati?

Wapo watafiti wanaojaribu njia nyingine kabisa. Huko juu hewa imechanganyika na umeme, kipande kinapopita kinachajika, na wanadhani kinasukuma mbele yake viwimbi ambavyo pengine vinaweza kunaswa. Kama nahodha anayetambua boti kwa mkondo wa maji kabla hajaliona. Nimeipenda hiyo, lakini bado iko maabara.

#16 BodaMasasi

Hiyo ya Mnazi Mmoja nimekuelewa mia kwa mia. Na yule wa honi alikuwa mimi.

#17 Mzee wa Kilwa Kivinje

Vijana, mnazungumza kama vile mambo haya yamekuja jana. Zanzibar, pale Tunguu, Wamarekani walikuwa na kituo chao cha kufuatilia Mercury, vyombo vyao vya kwanza vya kubeba watu angani. John Glenn alipozunguka dunia Februari 1962 alipita juu yetu huku akiongea na Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kikafungwa. Marehemu kaka yangu alikuwa anapeleka mboga pale.

Na satelaiti ya kwanza ya kuchungulia mionzi ya eksirei ya nyota iliitwa Uhuru. Kwa Kiswahili hivyohivyo. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, siku ya uhuru wa Kenya, ndiyo ikapewa jina. Fundi, hiyo nayo imebaki huko juu ni takataka?

#18 FundiDishi

Mzee wangu, shikamoo, na pole kwa kaka. Hapana, Uhuru ilizunguka kilomita 500 na kitu, na huko bado kuna hewa kidogo. Hewa ikaivuta polepole, ikarudi na kuungua mwaka 1979. Chini ya hapo, kwenye kilomita 400, kipande kinashuka ndani ya miezi au miaka michache. Ukipanda hadi 800 unazungumzia miongo mingi, hata karne. Vanguard 1 ya Marekani ilirushwa Machi 1958, sehemu kubwa ya njia yake iko juu zaidi ya hapo, na mpaka leo inazunguka, bubu.

Kwa hiyo vumbi la kilomita 400 linajifagia lenyewe. La 800 mjukuu wa mjukuu wako atalikuta.

#19 Kangomba Hapana

Haya nimekubali linatuhusu. Lakini chuma kikishatoboa, kinatoboa nini hasa? Nataka mfano, si hesabu za bajaji.

#20 FundiDishi

Huu hapa ninaoupenda.

Tarehe 23 Agosti 2016, Sentinel-1A ya Ulaya, kilomita 700 hivi juu. Ile ni satelaiti ya rada, inapiga picha hata usiku na kwenye mawingu, picha zake hutumika hata kupima mafuriko. Ghafla waongozaji wanaona umeme wa paneli umepungua kidogo, na chombo kimetikisika kidogo kwenye njia yake. Kidogo tu, mtu mzembe angepita. Bahati ilikuwa na vikamera ndani, vilivyowekwa kwa ajili ya kuangalia paneli zikifunguka siku ya kwanza. Wakaviwasha. Wakaona kwenye paneli doa la upana wa sentimita 40 ambalo siku ya kufunguka halikuwepo. Kilichogonga kilikuwa cha milimita chache. Kingepiga mwilini badala ya kwenye bawa, habari ingekuwa nyingine.

Chombo kinachobeba watu kina ngao. Fikiria bati jembamba nje, nafasi tupu, halafu ukuta wenyewe. Kipande kikigonga bati kwa mwendo ule kinapasukapasuka na kuyeyuka, kinaingia kama wingu la vumbi, nguvu yake imetapanyika kabla ya kufika ukutani. Wazo la Fred Whipple, miaka ya 1940, kabla hata hakujawa na satelaiti. Kituo cha Kimataifa cha Anga, ISS, kina ngao hizo nyingi, nazo zinahimili hadi kama sentimita 1. Kwa vikubwa vyenye namba wanapewa taarifa, na hatari ya kugongwa ikizidi moja kati ya elfu kumi wanawasha injini na kupisha.

Sasa weka mezani korosho yangu tena. Sentimita 2 na nusu. Ngao haiiwezi. Rada haijaiandika. Hupati taarifa, hupishi. Wenyewe wanasema wanaishi kwa kutegemea kwamba anga ni kubwa. Ni kweli ni kubwa.

Na hata vile vidogo kabisa havina adabu. Mwaka 2016 Mwingereza Tim Peake alipiga picha kovu la milimita 7 kwenye kioo cha dirisha kubwa la ISS, na kilichogonga inakadiriwa kilikuwa chembe ya sehemu chache tu za elfu za milimita. Kioo kina tabaka nne, hakikutoboka. Mei 2021 wakakuta mkono wa roboti umetobolewa. Novemba 2025 wanaanga watatu wa China walikuta dirisha la chombo chao, Shenzhou-20, lina nyufa, wakashuka na chombo cha wenzao.

#21 Mwalimu wa Newala

Nyongeza ndogo, ili tusiwabebeshe binadamu kila kitu. Kuna mawe ya asili pia. Chombo cha Warusi cha kubeba watu, Soyuz MS-22, Desemba 2022 kilivuja maji yake ya kupoza kupitia tundu lisilofika milimita 1, Warusi wakasema ni kijiwe cha asili. Mwanaanga Frank Rubio aliyekuja nacho kukaa nusu mwaka akajikuta amekaa siku 371.

#22 BodaMasasi

Siku 371! Mke wake aliambiwa nini?

#23 Dada Ligula

Aliambiwa ukweli, tofauti na nyie mnaosema pancha.

#24 Kangomba Hapana

😂😂 Fundi la mwisho. Kikubwa kikianguka kwenye banda langu la korosho nalipwa na nani? Kenya kilianguka.

#25 FundiDishi

Kilianguka kweli, tarehe 30 Desemba 2024, kijiji cha Mukuku, Makueni. Pete ya chuma, kipenyo mita 2 na nusu, kilo 500 hivi. Shirika la Anga la Kenya likasema ni pete ya roketi. Kwa bahati nzuri haikumpiga mtu.

Sheria ipo, mkataba wa kimataifa wa 1972: nchi iliyorusha inalipa madhara ya ardhini, hata kama haikuzembea. Kosmos 954 ya Wasovieti iliangukia Kanada Januari 1978 ikiwa na kinu cha nyuklia, wakalipa dola milioni 3 za Kanada mwaka 1981. Kanada walikuwa wameomba 6. Ila kwa madhara ya hukohuko angani, mdai lazima athibitishe uzembe wa mwenzake. Sasa kimekutoboa kipande kisicho na namba. Utamshtaki nani? Mimi hapo ndipo ninaposhika kichwa, kuliko hata kwenye zile bajaji. Novemba 2021 Urusi ilitungua Kosmos 1408 yake, vipande zaidi ya 1,500 vya kuonekana, watu wa ISS, Warusi wakiwemo, wakakimbilia kwenye vyombo vyao vya kurudia. Nahodha kasema baruti, mimi sina neno zuri zaidi.

Banda lako likatie bima, mkuu. Moto wa jirani utalifikia kabla ya Wasovieti.

#26 FundiDishi

Wanaotaka kuiona ISS kwa macho: leo jioni, saa 1 kasoro dakika 10, inatokea kusini-magharibi. Haipepesi, haina taa nyekundu. Ikipepesa hiyo ni ndege.

#27 Nahodha Mstaafu

Nimeiona. Tulikuwa tumeshashuka majini na vijana wa dagaa, nimekwenda kwa ajili hiyo tu. Imekuja kama ulivyosema, nyeupe, tulivu, haina sauti. Ikapita karibu juu ya mlingoti. Kabla haijafika chini upande wa mashariki ikazimika, kama mtu kaifunika na kofia. Nikadhani imepata korosho yako, moyo ukanipasuka.

#28 Mwalimu wa Newala

Imeingia kwenye kivuli cha dunia tu, mzee wangu. Jua lao lilikuwa limetua.

#29 Nahodha Mstaafu

Haya. Mjukuu kauliza kama walituona. Sikuwa na jibu, nikamwambia awashe taa ya dagaa, akaipunga juu mpaka baba yake akamkemea kwamba anakimbiza samaki.

#30 FundiDishi

Alhamisi inapita tena, saa 11 na dakika 4 alfajiri. Na betri ya GPS yako imefika, mzee, pita uichukue.